Umetoka jela Marekani na unataka kazi ya maana? Maswali yanayoulizwa sana kuhusu kuingia kupitia vyama vya wafanyakazi

Maswali haya yanatoka kwa watu waliomaliza vifungo, wake zao, mama zao, wachungaji wao, na wengine bado wako ndani wanahesabu miezi. Yote yanahusu Marekani, maana sheria za huko na jinsi vyama vilivyopangwa ni mambo ya huko huko. Sijayapanga kwa uzito, ruka hadi lile linalokuhusu.

Mtu mwenye rekodi ya jinai anaruhusiwa kweli kujiunga na chama cha wafanyakazi?

Anaruhusiwa. Hakuna sheria ya taifa inayomkataza mtu aliyefungwa kuwa mwanachama wa kawaida, awe aliiba, aliuza dawa au alipigana. Yale maneno ya mitaani kwamba vyama havitaki wafungwa yamewafanya watu wengi wasijaribu hata kuchukua fomu, na inaniuma kwa sababu ukienda saiti yoyote kubwa ya ujenzi utakuta wazee wenye miaka 20 kwenye chama ambao nao walianza wakiwa ndo kwanza wametoka. Kinachobanwa na sheria ni uongozi wa chama kwa makosa fulani, hilo nimeliweka chini.

Kwa nini nipitie chama, si nitafute tu kazi mwenyewe?

Tafuta mwenyewe pia, hakuna aliyekukataza, ila angalia kinachotokea. Ukitafuta kivyako kila bosi ni mwanzo mpya, unaeleza tena ulifanya nini, lini, ulikaa miaka mingapi, na yeye ana rundo la fomu za watu wasio na la kueleza. Mwanasosholojia Devah Pager alilipima hili Milwaukee mwaka 2001, akawatuma vijana wakaombe kazi za kawaida wakiwa na sifa sawasawa, tofauti ikiwa ni rangi na kama anasema alifungwa kwa kesi ya dawa za kulevya. Weupe wasio na rekodi waliitwa tena na waajiri kwa asilimia 34, wenye rekodi 17. Weusi wasio na rekodi 14, wenye rekodi 5. Soma hizo namba mara mbili: mweusi msafi aliitwa mara chache kuliko mweupe aliyesema katoka jela, na mweusi aliyefungwa anahitaji kugonga milango 20 ili aitwe mmoja.

Vyama vya mafundi vinaenda tofauti. Wakandarasi waliosaini mkataba na chama wakihitaji watu wanapiga simu ofisi ya chama, na ofisi inatuma watu kufuata orodha ya walio nje ya kazi. Kwa hiyo mlango mgumu unaupita mara moja, pale pa kuingilia, ukishakuwa ndani kinachotangulia jina lako ni saa ulizofanya na vyeti ulivyopata, na kazi ya mkandarasi huyu ikiisha hutarudi kuanza kuomba upya mtaani, unarudi kwenye orodha. Bima ya afya na pensheni navyo viko chini ya mfuko wa chama na wakandarasi, kwa hiyo ukihama bosi havipotei kila mara unapohama. Kwa mtu mwenye rekodi sijaona mpangilio mwingine unaompunguzia mzigo wa kujieleza kiasi hicho, na ndo sababu nashauri nguvu nyingi ziende hapo.

Hela pia inaongea. Takwimu za serikali za mwaka 2023 zinaonyesha mfanyakazi wa kati aliye mwanachama alipata dola 1,263 kwa wiki, asiye mwanachama 1,090. Hiyo ni kazi zote kwa ujumla, sio ujenzi peke yake.

Ila elewa jambo moja ambalo watu wanalichanganya sana. Vyama vingi Marekani unaingia baada ya kuajiriwa, yaani kiwandani, hospitalini, dukani, hotelini, ukipata kazi mahali penye mkataba wa chama ndo unajiunga. Mahali ambapo chama chenyewe ndo mlango wa kazi ni hasa ujenzi, na kwa namna yake bandari na utengenezaji wa filamu. Ndo maana sehemu kubwa ya majibu hapa inazungumzia ujenzi.

Uanagenzi ni nini hasa, ni shule au ni kazi?

Ni vyote viwili kwa wakati mmoja. Unaajiriwa siku ya kwanza, unalipwa, unafanya kazi chini ya fundi kamili, na darasani unaingia jioni au kwa wiki nzima nzima kutegemea programu. Sheria yake ya taifa ni ya mwaka 1937 na inasimamiwa na Wizara ya Kazi, programu inayosajiliwa kwa mfumo wa saa lazima iwe na angalau saa 2,000 za kazi, na kinachopendekezwa darasani ni saa 144 kwa mwaka. Umeme na bomba ni miaka 5 hivi, useremala kwa kawaida 4, kazi za jumla za ujenzi zinaisha mapema zaidi.

Mshahara unaanzia sehemu ya mshahara wa fundi kamili, mara nyingi kama nusu, halafu unapanda kwa ngazi kadiri saa na masomo yanavyosonga. Kupanda huku kumeandikwa kwenye makubaliano, humwombi bosi kwa unyenyekevu akuongeze. Na ada ya masomo karibu yote inalipwa na mfuko unaochangiwa na wakandarasi kwa kila saa inayofanywa kazi, wewe unanunua vitabu na vifaa vya mkono. Ukimaliza unapata cheti kinachotambulika nchi nzima na huna deni la chuo. Linganisha na mtu anayejiandikisha chuo cha ufundi cha biashara kwa maelfu ya dola halafu anatoka na karatasi ambayo mwajiri haijui, nimewaona wengi waliotoka jela wakinaswa na hivyo vyuo maana matangazo yao ni matamu sana.

Chama gani kina mlango mpana zaidi kwa mtu kama mimi?

Hakuna jibu la nchi nzima kwa sababu kila tawi lina kamati yake ya mafunzo, nusu wajumbe wa chama nusu wa wakandarasi, na hiyo kamati ndo inayochagua watu. Tawi la mji mmoja linaweza kuwa na mikono miwili wazi na la mji wa jirani likawa gumu kama jiwe. Kwa ujumla lakini wanaoanza na chama cha vibarua wa ujenzi, kinaitwa LIUNA, wanakuta masharti mepesi kuliko kwingine. Wafunga vyuma, maseremala, wapaka rangi na waezekaji mapaa nao wana sifa ya kuangalia kama unaamka mapema na mgongo unafanya kazi kuliko kuangalia makaratasi yako. Umeme, yaani IBEW, na mabomba, yaani UA, ushindani ni mkali, wanaoomba ni wengi kuliko nafasi, wanapima hesabu na wanapanga watu kwa alama. Rekodi yako huko haikufungii, ila inabidi alama ziwe nzuri.

Ombi langu ni kwamba usichague kwa mshahara tu. Mtu anayeogopa urefu asiende kufunga vyuma ghorofa ya 30 kwa sababu kaambiwa kuna hela.

Sina cheti cha sekondari, na hesabu nilizikimbia tangu darasa la saba. Nimekwisha?

Hujaisha, ila hapa ndo pa kuanzia. Programu nyingi zinataka diploma ya sekondari au GED, yaani mtihani unaokubalika badala ya diploma hiyo, na za IBEW zinataka pia mwaka mmoja wa aljebra wenye alama ya kupita, halafu mtihani wenyewe ni wa aljebra na kusoma kwa kuelewa. Magereza mengi yana madarasa ya GED, kama uko ndani na hujaingia darasani ingia wiki hii. Kama umeshatoka, vyuo vya jamii na maktaba za umma vinafundisha bure au kwa hela kidogo.

Hesabu za saiti zenyewe ni sehemu, desimali, vipimo vya inchi na futi, eneo, ujazo, pembe. Mtu mzima akizisoma kwa lengo zinaingia haraka kuliko alivyokuwa mtoto, maana sasa anajua anataka kukata ubao wa urefu gani. Ukifeli mtihani wa IBEW unaruhusiwa kurudia, mara nyingi baada ya miezi 6.

Nimesikia kuna mafunzo ya kabla ya uanagenzi, yanasaidia au yanapoteza muda?

Yanasaidia, lakini chagua yaliyo na uhusiano wa kweli na vyama. Shirikisho la vyama vya ujenzi, NABTU, lenye vyama 14 chini yake, lina mtaala wake unaoitwa MC3 wa saa kama 120: hesabu za ujenzi, kusoma michoro, vifaa, usalama wa saiti, huduma ya kwanza, historia ya kazi za ujenzi na ya vyama vyenyewe. Unapita karibu fani zote kabla hujachagua, na hiyo ni faida kubwa kwa mtu ambaye hajawahi kushika mashine. Flintridge Center kule Pasadena, California, imekuwa ikiutumia mtaala huu hasa kwa watu waliotoka gerezani.

Swali la kuuliza kabla hujajiandikisha popote ni hili: watu wenu waliomaliza mwaka jana wako tawi gani sasa hivi? Wakikutajia matawi na idadi, kaa. Wakianza kuzungukazunguka na maneno ya kukutia moyo, ondoka, muda wako baada ya jela ni mali.

Bado niko ndani. Naweza kuanza sasa?

Unaweza, na ukiweza usisubiri. Jimbo la Washington lina programu ya TRAC kwenye gereza la wanawake la Gig Harbor, inayowaandaa wafungwa kuingia vyama vya ujenzi, wanabeba uzito, wanasoma hesabu, wanaamshwa kama watu wa saiti. California mamlaka ya viwanda vya magereza, CALPIA, ina mafunzo ya useremala, vyuma na kazi za jumla yanayofanywa na vyama. Magereza ya serikali kuu nayo yana uanagenzi uliosajiliwa Wizara ya Kazi, na saa ulizofanya ndani zinaweza kuhesabiwa ukitoka kama utakuwa na karatasi za kuthibitisha. Basi linda hizo karatasi kuliko unavyolinda picha za watoto. Omba nakala ya kila cheti, kila barua ya msimamizi wa karakana, kila hesabu ya saa, tuma nyumbani kwa mtu mnayeaminiana.

La pili ni vitambulisho. Watu wanatoka na nafasi ya kazi mkononi halafu wanakaa wiki nzima wakihangaikia cheti cha kuzaliwa, kadi ya hifadhi ya jamii na kitambulisho cha jimbo. Anza kuvidai miezi kadhaa kabla ya kutoka, mshauri wako wa gereza anajua utaratibu, msumbue kwa heshima mpaka vifike.

Wataniuliza kuhusu rekodi? Niseme au ninyamaze?

Hili ndo linalowanyima watu usingizi. Ukiulizwa, sema ukweli. Ukiulizwa kwa maandishi, andika ukweli. Mtu anayegundulika kadanganya kwenye fomu anafukuzwa kwa uongo hata kama kosa lenyewe wangelivumilia, na kufukuzwa kwa uongo hakuna chama kinachoweza kukutetea vizuri.

Kusema ukweli hakumaanishi umwage maisha yako yote mezani. Jibu liwe fupi, dakika moja inatosha: kosa lilikuwa nini kwa jina lake, lini, ulimaliza lini, umefanya nini tangu hapo, na kwa nini unataka fani hii. Halafu nyamaza, waache waulize. Wengi wanakosea kwa kuendelea kuongea kwa sababu ya hofu, wanaanza kumlaumu mwendesha mashtaka na rafiki aliyewaponza, na kamati inayowasikiliza inajiuliza huyu saiti ataweza kupokea maelekezo? Fanya mazoezi ya jibu hilo kwa sauti mbele ya mtu atakayekukatiza, sio mbele ya mama yako anayekuonea huruma.

Nenda na barua pia. Ya mwalimu wa karakana, ya afisa wa parole, yaani anayekusimamia ukiachiwa kwa masharti, kama mnaelewana, ya bosi wa kazi yoyote ya muda, hata ya kufagia ghala, alimradi inasema unakuja kila siku na unawahi. Kwenye ujenzi kuwahi kunabeba uzito kuliko hotuba.

Kama hujaulizwa, huna wajibu wa kuanza nalo. Soma fomu vizuri maana nyingine zinauliza miaka 7 iliyopita tu, nyingine zinauliza makosa makubwa peke yake, jibu kilichoulizwa.

Kuna sheria inayonilinda mwajiri akichungulia rekodi yangu?

Zipo, na zinatofautiana kwa jimbo na mji. Hawaii ndo jimbo la kwanza, mwaka 1998, kuzuia waajiri binafsi wasiulize rekodi mwanzoni mwa maombi, na majimbo mengi yamefuata kwa viwango tofauti. California tangu Januari 2018 mwajiri mwenye watu 5 au zaidi hawezi kuuliza mpaka awe amekupa ofa yenye masharti. Kwa kazi za serikali kuu na wakandarasi wake kuna sheria ya namna hiyo iliyopitishwa 2019.

Kingine ni tume ya usawa kazini, EEOC, ambayo mwongozo wake wa 2012 unataka mwajiri aangalie mambo matatu: uzito wa kosa, muda uliopita, na aina ya kazi yenyewe. Kukamatwa tu bila kutiwa hatiani sio ushahidi kwamba ulifanya kosa.

Na hii wengi hawaijui: mwajiri akitumia kampuni ya kuchunguza rekodi, kabla ya kukunyima kazi kwa sababu ya ripoti lazima akupe nakala yake na maelezo ya haki zako. Isome mstari kwa mstari. Ripoti hizo zina makosa, kesi ya mtu mwenye jina kama lako, kesi iliyofutwa inaonekana bado iko hai, shitaka moja limeandikwa mara tatu. Una haki ya kupinga na kampuni ile inatakiwa ichunguze upya. Kama jimbo lako linaruhusu kufuta au kufunga rekodi ulizia ofisi ya msaada wa kisheria, kuna kliniki za bure kabisa kwa ajili hiyo.

Kuna kazi ambazo hata nikiwa kwenye chama nitafungiwa?

Zipo, afadhali uzijue mapema kuliko kusoma miaka miwili halafu ugonge ukuta. Bandarini unahitaji kadi ya usalama inayoitwa TWIC. Makosa machache kama uhaini na mauaji yanafunga moja kwa moja, na orodha ndefu zaidi ya makosa makubwa inafunga kama ulitiwa hatiani ndani ya miaka 7 au umetoka kifungoni ndani ya miaka 5 kabla ya kuomba. Kuna utaratibu wa kuomba msamaha, na watu wanaupata, usikubali hapana ya kwanza.

Udereva wa malori makubwa, mtu aliyetumia lori la biashara, au hata gari lake la kawaida akiwa tayari na leseni ya malori, kusambaza dawa za kulevya anapoteza leseni hiyo maisha. Kosa la dawa lisilohusisha gari halina adhabu hiyo. Mashuleni, kambi za jeshi, viwanda vya nyuklia na viwanja vya ndege mwenye eneo anachunguza watu wake mwenyewe, kwa hiyo chama kinaweza kukutuma ukakataliwa getini, na hapo ofisi ya chama inakupeleka saiti nyingine. Waambie mapema watu wa ofisini ili wasikutume mahali pa aibu.

Fani zenye leseni ya jimbo kama umeme na bomba, majimbo kadhaa yanakuruhusu kuuliza bodi ya leseni kabla hujaanza masomo kama rekodi yako itakuzuia. Andika barua, upate jibu kwa maandishi.

Niko kwenye parole, nitawezaje kazi za saa 11 alfajiri na saiti za mbali?

Ongea na afisa wako kabla ya kupata kazi, usingoje siku ya kwanza. Mwambie fani inaanza saa ngapi, kwamba saiti zinabadilika, kwamba kuna siku utavuka kaunti. Ruhusa ya kusafiri na kubadilishwa kwa saa za kurudi nyumbani ni vitu vya kawaida ukiviomba na karatasi ya programu mkononi, na ni kosa la parole ukivifanya kimyakimya. Miadi ya kuripoti iombe iwe mchana baada ya shifti au siku ambayo darasa halipo. Mwanagenzi anayekosa kosa siku za kazi anaitwa mbele ya kamati, na kamati haina subira sana na kuchelewa, hata sababu iwe ya mahakama.

Vipimo vya dawa vipo pia. Bangi imeruhusiwa kwenye majimbo mengi lakini wakandarasi wengi bado wanaipima, na parole nayo ina masharti yake. Ukiwa unaomba uanagenzi acha kabisa, hakuna njia ya ujanja hapo.

Pesa za kuanzia sina. Buti, vifaa, ada, leseni ya gari, na nina deni la matunzo ya watoto.

Anza na kituo cha kazi cha serikali, vinaitwa American Job Center na viko zaidi ya 2,000 nchi nzima. Fedha zao zinaweza kununua buti, mkanda wa vifaa, kadi ya basi, hata ada ya kuingia chama, na watu waliotoka jela wanatajwa na sheria kama kundi la kusaidiwa. Uliza kwa jina, nataka msaada wa vifaa kwa ajili ya uanagenzi, la sivyo watakupa orodha ya matangazo ya kazi wakuache hapo. Ada ya kuingia mara nyingi inakubalika kulipwa kidogo kidogo, usione aibu kuuliza.

Leseni ya gari ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, saiti nyingi basi halifiki. Kama ilifungwa kwa sababu ya faini omba mpango wa malipo.

Matunzo ya watoto: sheria ya taifa inaruhusu kukatwa mpaka kiwango cha juu cha asilimia 50 hadi 65, kutegemea hali yako, ya mshahara uliobaki baada ya makato ya lazima. Mtu anapata mshahara mzuri wa kwanza, unakatwa zaidi ya nusu, anakata tamaa anarudi kazi za mkononi zisizo na karatasi. Nenda ofisi ya matunzo mapema ukaombe kiwango kipangwe upya kulingana na kipato cha sasa, hawabadilishi wenyewe bila wewe kuomba.

Na ukikutana na mkandarasi anayeogopa kukuchukua mtajie bima ya uaminifu ya serikali kuu, iko tangu 1966. Inamlinda mwajiri kwa dola 5,000 katika miezi 6 ya kwanza dhidi ya wizi, na haimgharimu yeye wala wewe hata senti.

Mimi sio raia wa Marekani. Hii inanihusu?

Inakuhusu kama una kibali halali cha kufanya kazi, vyama vina wanachama wengi wenye grini kadi na wakimbizi. Tatizo liko pengine: makosa fulani yanaweza kukuondoa nchini hata baada ya kumaliza kifungo. Kabla ya kusafiri nje, kuomba uraia au kuhuisha kadi, ona mwanasheria wa uhamiaji, sio jamaa wa kujaza fomu. Mitihani na masomo kwa kawaida ni kwa Kiingereza, kwa hiyo darasa la lugha liende sambamba na la hesabu.

Na wanawake?

Wapo na wanahitajika, ila tusidanganyane, saiti bado ni za wanaume wengi na kuna tabia za hovyo. Usiende peke yako. New York kuna Nontraditional Employment for Women, Chicago kuna Chicago Women in Trades, Portland kuna Oregon Tradeswomen, wanaandaa wanawake na wanaendelea kuwashika mkono wakishaingia. Ulezi wa watoto kabla ya alfajiri ndo kikwazo kikubwa kuliko nyundo, upange kabla ya siku ya intavyuu.

Nilikuwa mwanajeshi kabla ya kufungwa.

Ulizia Helmets to Hardhats, programu ya kuwaingiza waliokuwa jeshini kwenye vyama vya ujenzi. Jinsi ulivyoachishwa jeshi inaangaliwa, kwa hiyo uwe na karatasi zako za jeshi.

Nikishaingia, bosi akininyooshea kidole kitu kikiibiwa?

Litatokea, mashine ikipotea macho yanageukia aliyefungwa. Hapa chama ni kinga yako. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1975 katika kesi ya Weingarten, mwanachama anayeitwa kuhojiwa na akaamini mahojiano yanaweza kumletea adhabu ana haki ya kudai mwakilishi wa chama awepo. Lazima uombe mwenyewe, bosi halazimiki kukukumbusha. Sema: nataka mwakilishi wangu kabla sijajibu. Basi. Mtu aliyewahi kuhojiwa polisi bila mtu pembeni anajua thamani ya sentensi hiyo. Na mikataba mingi ya vyama inataka sababu ya haki ndo ufukuzwe, jambo ambalo mfanyakazi wa kawaida Marekani hana.

Naweza siku moja kugombea uongozi wa chama?

Sheria ya 1959 inamzuia mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa kama wizi wa kutumia nguvu, rushwa, kuvunja nyumba, kuchoma moto mali, mauaji, ubakaji au dawa za kulevya asishike uongozi kwa miaka 13 tangu kutiwa hatiani au kumaliza kifungo, inahesabiwa ile iliyo ya mwisho. Kuna njia ya kuomba mahakama ifupishe. Kupiga kura, kuhudhuria mikutano, kusimama ukasema, hayo sheria hiyo haikuzuii.

Sisi ni kanisa au kikundi, tunataka kuwasaidia wanaotoka. Tufanye nini?

Msianze na semina. Anzeni kwa kwenda ofisi za matawi ya mji wenu mkauliza fomu zinafunguliwa lini, maana nyingine zinafunguliwa mara moja kwa mwaka kwa siku chache na ukizikosa ni mwaka mwingine. Wekeni kalenda hiyo ukutani. Halafu gari la kumpeleka mtu saiti miezi ya kwanza, mwalimu wa aljebra jioni, na mtu wa kumpigia alfajiri aamke. Mwombeni pia mwanachama aliyewahi kufungwa aje aongee nao, jibu lake moja linashinda yetu kumi.

Kazi ikikatika msimu wa baridi nitaishije?

Swali zuri, ujenzi una misimu. Unajiandikisha kwenye orodha ya walio nje, unaomba mafao ya kukosa kazi kwa kuwa ulikuwa unalipwa kihalali, na unatumia muda huo kuongeza vyeti. Weka akiba kipindi cha overtaimu. Muda huu ndo watu wanateleza kurudi kwenye mambo ya zamani, kwa hiyo mwambie mtu wako wa karibu kabla haujafika.

Niliomba nikakataliwa. Ndo basi?

Sio basi. Piga simu kamati ya mafunzo uulize kwa adabu alama zilipungua wapi, mtihani au intavyuu, na dirisha lijalo linafunguliwa lini. Wakati unasubiri tafuta kazi yoyote inayokaribiana, ghala la vifaa vya ujenzi, usafi wa saiti, msaidizi wa fundi, maana uzoefu unaongeza alama. Omba matawi mengine na fani nyingine wakati huo huo, hakuna sheria ya kuomba moja. Na matawi mengine yanakutaka kwanza upate mkandarasi aliyesaini mkataba akubali kukuchukua, hapo unaomba orodha ya wakandarasi ofisini, unavaa buti, unaanza kupita saiti moja moja asubuhi kumtafuta msimamizi kabla kazi haijaanza, na unaacha namba yako.